Taa Zilizokaa Ndani ya Boksi

Tangu Novemba, pikapu ya kina Britta haikuwa imerudi nyuma hata mara moja.

Kila asubuhi kabla ya shule, kungali giza, Britta alivaa koti juu ya koti, akatia miguu kwenye buti za mpira, akamfuata baba yake uani. Kazi yao ilikuwa ile ile siku zote: kuwapelekea ng'ombe nyasi kavu. Britta alishuka kufungua geti, akapanda tena nyuma ya pikapu, akakata kamba za marobota na kuzisukuma nyasi chini huku gari likitambaa polepole na ng'ombe wakilifuata, pumzi zao zikifuka kama sufuria za maji ya moto. Zamani, kazi ilipokwisha, baba alikuwa akirudi nyuma mpaka getini, wakatokea pale pale walipoingilia. Siku hizi aliyazunguka malisho yote, akatokea geti la mbali lililo karibu na barabara kuu, na Britta alilazimika kushuka tena na koleo kuondoa theluji iliyolizuia.

Uani nako mambo yalikuwa hayo hayo. Baba alilizunguka tangi la mafuta, akalizunguka ghala la bati, akasimamisha gari pua ikitazama barabara, tayari kwa kesho. Magurudumu yalikuwa yamechora duara kubwa kwenye theluji, lenye kina kama mtaro. Majirani waliokuja kunywa kahawa waliliona. Waliketi mezani, wakazungumzia hali ya hewa, kisha bei ya ndama, kisha hali ya hewa tena, wakaaga. Katika sehemu ile ya Dakota Kaskazini, jirani alikuwa tayari kukuvunia shamba zima ukiugua, lakini si kukuuliza una nini moyoni.

Watoto ndio waliouliza.

"Hivi, Britta," alisema Gunnar siku moja ndani ya basi la shule, akiwa amegeuka kwenye kiti cha mbele, "ile pikapu yenu ina rivasi kweli, au mliuziwa bila?"

"Inayo," alisema Britta.

"Maana jana nimemwona baba yako pale duka la vyakula vya mifugo. Nafasi ipo, tena mbele ya mlango. Akapita. Akaenda kuegesha kule kanisani, akavuka barabara na magunia begani. Mtu mzima anaendesha gari kama treni, mbele kwa mbele."

Wawili watatu walicheka. Kisha mmoja akakumbuka, akamgusa mwenzake kwa kiwiko, na kicheko kikafa. Gunnar naye akakumbuka. Masikio yake yakawa mekundu. Hakuomba msamaha kwa mdomo, lakini kabla hawajafika shuleni alimwekea Britta nusu ya chokoleti yake mapajani, akageuka kutazama dirishani.

Jambo lenyewe wote walilijua. Siku ya kupeleka ndama mnadani, jioni, pepo za kaskazini zikivuma, baba yake Britta, Arlen, alikuwa akirudisha pikapu nyuma ili kuifunga kwenye trela la ng'ombe. Babu Osmund alisimama katikati, baina ya bampa na trela, kama alivyosimama maisha yake yote. Ndivyo wazee wa huko walivyofanya kazi. Mwenye usukani hashuki kutazama. Kushuka kutazama ni kukiri kwamba hujui kuendesha. Mwenzako anasimama penye pengo, mkono mmoja ameushika mkono wa trela, anakuelekeza. Babu alitumia mluzi. Mluzi mmoja, njoo. Mluzi wa pili, simama.

Taa za nyuma za pikapu ile zilikuwa kuukuu, zimepakwa matope na chumvi ya barabarani, mwanga wake kama mshumaa ndani ya chupa chafu. Babu aliteleza kwenye barafu. Huenda alipiga mluzi. Upepo uliuchukua. Baba alihisi gari limegusa kitu, akadhani ni trela.

Britta alikuwa zizini akishikilia mlango wa ndama. Hakusikia chochote mpaka aliposikia sauti ya baba yake, na sauti ile hakuwahi kumsimulia mtu.

Baada ya mazishi ya babu, watu walikaa katika ukumbi wa chini ya kanisa wakila viazi na nyama vilivyookwa kwa jibini, na mikate myembamba ya viazi iliyopakwa siagi. Wanaume walimshika baba mkono mmoja mmoja.

"Upepo ulikuwa mkali siku ile, Arlen."

"Mkali sana."

"Upepo kama ule, mtu hasikii kitu."

Baba aliitikia kwa kichwa. Akarudi nyumbani akaanza kuchora duara.

*

Mwezi wa Machi ulipoingia, majira ya kuzaa yalianza. Britta alitumwa karakanani kutafuta chupa ya kunyweshea ndama, na chini ya makoti ya kazi ya babu, yaliyokuwa bado yametundikwa kwenye misumari yake, aliliona boksi.

Alilijua boksi lile. Lilikuwa na taa mbili za kurudia nyuma, nyeupe, kali, pamoja na nyaya zake. Babu alizinunua mwenyewe, majira mawili ya baridi yaliyopita, akaziweka juu ya meza ya chakula kama mtu aliyeshinda bahati nasibu.

"Hizi zitafanya usiku uone aibu," alisema. "Tutazifunga Jumamosi."

Jumamosi ilipofika uzio wa malisho ulikuwa umevunjika. Jumamosi iliyofuata trekta liligoma. Nyingine kulikuwa na harusi. Boksi likasogezwa ukutani, likawekewa kopo la grisi juu, likageuka kuwa samani. Baba alilihamisha mara kadhaa alipotafuta spana. Britta mwenyewe alilikalia alipokuwa akifunga kamba za buti. Kila mmoja alilifahamu, na kila mmoja aliingoja Jumamosi.

Jioni ile alilipangusa vumbi, akalibeba hadi ndani, akaliweka kando ya sahani ya baba.

Baba alilitazama kwa muda mrefu. "Umelitoa wapi?"

"Karakanani. Chini ya makoti ya babu."

"Lirudishe."

"Baba, ningeweza kuzifunga mimi. Nimeshasaidia kufunga redio ya—"

"Britta. Lirudishe."

"Arlen," alisema mama taratibu.

Baba aliweka kijiko chini, akavaa kofia, akatoka kwenda kuwatazama ng'ombe, ingawa ndiyo kwanza alikuwa ametoka kuwatazama.

Mama alikusanya sahani. Alikuwa amevaa sare za kazini. Zamu yake katika nyumba ya wazee mjini ilianza jioni. "Mpe muda," alisema.

"Ng'ombe hawatatupa muda, mama. Ruby anazaa mwezi huu. Ni mara yake ya kwanza. Akikwama, tutampelekaje kwa daktari? Trela liko pale pale lilipoachwa."

Mama alizipeleka sahani kwenye sinki. Daktari wa mifugo alikuwa mmoja kwa wilaya nzima, na majira ya kuzaa hakutoka kwenda kwenye mashamba; mnyama aliyekwama alipelekwa kwake. Na Ruby hakuwa mtamba kama mitamba mingine. Mama yake alikufa kwenye tufani ya theluji, na babu akamlea jikoni, kwenye boksi kando ya jiko, akimnywesha kwa chupa na kumsomea gazeti. Alikuwa mwekundu mwenye jicho moja lililozungukwa na weupe. Kati ya vitu vyote alivyoviacha babu, ni yeye peke yake aliyekuwa bado na pumzi.

*

Kesho yake Britta alishuka kwenye basi kituo kimoja kabla ya kwao, kwa Bi Verna Kolstad. Bi Verna alikuwa mjane, mwenye mikono mipana na maneno machache, na mashine za shamba lake alizitengeneza mwenyewe tangu mumewe alipofariki.

"Kahawa?" aliuliza Bi Verna.

"Hapana, asante. Usijisumbue."

"Ipo tayari."

"Sina kiu sana."

"Kidogo tu. Na maziwa."

"Haya, kidogo," alisema Britta, maana kukubali kabla ya mara ya tatu ni ulafi, na kukataa mara ya tatu ni matusi.

Alimweleza shida yake. Bi Verna alisikiliza akikoroga kikombe ambacho hakikuwa na sukari.

"Mimi siingii karakana ya mtu bila kuitwa," alisema mwishowe. "Na baba yako hajaniita. Lakini ukiniuliza swali nyumbani kwangu, nitakujibu. Uliza."

"Naanzia wapi?"

"Betri. Toa kwanza waya wa hasi, usije ukajiunguza wewe na gari. Kisha tafuta ule waya unaopata umeme gari likitiwa rivasi tu, si wakati mwingine. Hapo ndipo taa zako zitakapokula. Nyaya zipitishe juu, ndani ya chesisi, mbali na bomba la moshi. Zifunge vizuri, zisining'inie kama utumbo wa samaki."

Britta alicheka kidogo. Bi Verna hakucheka.

"Sasa sikia hili. Kila taa ina nyaya mbili. Mmoja unaleta umeme, wa pili unaurudisha kupitia chuma cha gari. Huo wa pili ndio watu wanaoudharau. Utafunga bolti juu ya rangi na kutu, taa itawaka, utafurahi. Siku gari likiruka kwenye shimo, itazima. Kwangua chuma mpaka king'ae kama kijiko. Ndipo ufunge, ndipo upake grisi. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Watu wote huelewa wakiwa kwenye kiti chenye joto," alisema Bi Verna. "Kunywa kahawa yako."

*

Jumamosi baba alikwenda na trekta kupeleka marobota malisho ya juu. Pikapu ilikuwa karakanani, ambayo ilikuwa na milango miwili, wa mbele na wa nyuma, hivyo gari liliingilia huku na kutokea kule. Britta alitandaza karatasi ngumu sakafuni, akajiingiza chini ya gari.

Saruji ilikuwa ya baridi kama kaburi. Maji ya theluji yalimdondokea shingoni. Alitoa waya wa betri. Alizifunga taa chini ya bampa, moja kulia, moja kushoto, akazipima kwa kamba zikae sawa. Alizipitisha nyaya ndani ya chesisi, akazibana kwa vibanio kila baada ya shubiri chache, nadhifu hata babu angezisifu. Aliutafuta waya wa rivasi kwa kuufuata kutoka kwenye zile taa kuukuu za nyuma, akauunga, akaufunika. Kazi yote hiyo aliifanya kwa moyo.

Ikabaki ile ya mwisho. Alichukua msasa, akaanza kukwangua pale kwenye chesisi. Kutu ilikuwa nene kama gome la mti, na chini yake rangi, na chini ya rangi kutu nyingine. Unga mwekundu ulimwingia machoni. Kidole kilichanika. Vidole vingine hakuvihisi tena. Alitazama: palikuwa bado peusi, na alama moja tu ndogo inayong'aa, kama punje ya mchele.

Bolti itajing'atia yenyewe, aliwaza. Aliikaza kwa nguvu zake zote, akazungushia utepe mweusi. Kwa kuitazama, ilipendeza.

Alirudisha waya wa betri, akaketi kwenye usukani, akafungua swichi bila kuwasha injini, akakanyaga breki na kutia rivasi.

Karakana nzima ikawa nyeupe. Kila spana ukutani ilionekana, kila utando wa buibui, makoti ya babu na viraka vyake. Na penye mlango mkubwa wa nyuma uliokuwa wazi, taa zilimwangaza mtu amesimama na kofia mkononi. Baba alikuwa amerudi.

Alisimama ndani ya mwanga ule bila kujikinga macho. Kisha akaja, akapenyeza mkono dirishani, akazima swichi.

"Nani amekuelekeza?"

"Bi Verna. Lakini hakuja hapa. Nilimuuliza kwake."

"Hm," alisema baba.

Aliondoka. Lakini hakuzing'oa taa, na usiku ule Britta alilala akiwa na furaha kidogo, na chini ya furaha hiyo palikuwa na kitu kinachokwaruza, chenye ukubwa wa punje ya mchele.

*

Ruby alianza uchungu siku ya upepo. Britta alipotoka shule alimkuta baba bandani, amevua koti, mkono wake umeingia ndani ya mtamba hadi begani. Mama alikuwa ameshakwenda kazini.

"Tangu saa ngapi?" aliuliza Britta.

"Mchana." Baba aliutoa mkono, akaegemea ukuta akihema. "Ndama amekaa kinyume. Miguu ya nyuma ndiyo imetangulia, na mmoja umekunjika. Nimejaribu. Mkono wangu haufiki."

Ruby alilala ubavu, jicho lake lenye weupe limetoka. Hakulia tena. Hilo ndilo lililomtisha Britta.

"Daktari?"

"Nimempigia. Anatungoja." Baba alifuta mkono kwa gunia, polepole mno, kila kidole peke yake. "Lazima tumpeleke."

Wote wawili walijua maana yake. Nje jua lilikuwa limeshatua nyuma ya mawingu, na theluji ilikimbia chini chini kama moshi. Trela lilisimama kando ya ghala, limezikwa nusu.

Baba alichimbua theluji mbele ya trela. Kisha akaingia ndani ya pikapu. Britta alisikia gia ikiingia. Taa mbili ziliwaka, na pengo lote baina ya bampa na trela likaonekana, hadi barafu yenyewe na nyufa zake. Gari lilirudi nyuma kidogo. Gurudumu lilipanda ukingo wa lile duara lililoganda, likadondoka upande wa pili kwa kishindo.

Taa zikazima.

Pikapu ikasimama papo hapo. Britta alikimbilia dirishani. Baba alikuwa ameushika usukani kwa mikono yote miwili, macho yake mbele.

"Siwezi, Britta," alisema. "Usiniambie nijaribu. Siwezi kurudi ndani ya giza lile."

Hakuwahi kumsikia baba yake akisema neno hilo juu ya jambo lolote. Bandani, Ruby aligonga ubao kwa mguu mara moja, akanyamaza.

Ingekuwa rahisi kusema ni upepo. Ingekuwa rahisi kusema zile taa zilikuwa mbovu tangu dukani, zimekaa sana kwenye vumbi. Maneno yote hayo yalimjia, na yote yalikuwa na sura nzuri.

"Ni mimi," alisema Britta. "Ule waya wa pili. Bi Verna aliniambia nikwangue chuma mpaka king'ae. Nilisikia baridi, nikakwangua kidogo tu. Nikafunika kwa utepe ili nisipaone."

Baba aligeuza kichwa, akamtazama. Britta alingoja kofi la maneno. Halikuja.

"Pako wapi?"

"Nyuma, upande wa kulia, ndani ya chesisi."

"Lete tochi," alisema baba. "Na msasa, na lile kopo la grisi."

Alizima injini, akavuta breki ya mkono, akaweka gogo nyuma ya gurudumu. Akalala juu ya theluji, akaingia chini ya gari, na Britta akaingia kando yake na tochi. Upepo ulipita juu yao. Baba aliuchana utepe kwa meno. Alifungua bolti, akaanza kukwangua, na kila vidole vyake vilipokufa ganzi alimpa Britta msasa, na vya Britta vilipokufa, alimrudishia. Unga mwekundu uliwadondokea wote wawili usoni. Baada ya muda, penye rangi na kutu pakatokea duara dogo la chuma kitupu, na mwanga wa tochi ukarudi kutoka pale kama kutoka kwenye kijiko.

"Hapo," alisema baba. "Pakumbuke palivyo."

Alikaza bolti, akapaka grisi, akaigonga kwa nyundo mara mbili tatu ili kuijaribu. Alitoka, akaketi tena kwenye usukani. Taa ziliwaka. Alishuka, akautikisa mwili wa gari mpaka likalia. Ziliendelea kuwaka.

Britta alikuwa ameanza kuelekea kwenye trela, kwa mazoea ya nyumba ile, ili aushike mkono wake.

"Toka hapo." Sauti ya baba ilikuwa ya chini, lakini ilimgandisha. "Hakuna mtu anayesimama hapo. Kuanzia leo, hakuna. Nenda kwenye kona ya ghala, upande wangu, nikuone kwenye kioo. Inua tochi. Nisipokuona, nasimama."

Aliondoa gogo, akapanda, akarudi nyuma kwa mwendo wa mtoto anayejifunza kutembea. Alisimama, akashuka, akatazama kwa macho yake, akapanda. Akarudi tena, akakosea, akasogea mbele, akashuka tena kutazama. Barabarani gari la jirani lilipita polepole, na dereva wake bila shaka alimwona Arlen akishuka kutazama kama mgeni wa mjini. Baba hakujali. Mara ya mwisho trela lilikaa juu ya tufe la chuma la pikapu kwa mlio mmoja mzito.

Walimwingiza Ruby kwa kamba, baba akivuta na Britta akisukuma, wakaondoka.

*

Ndama alikuwa amekufa. Daktari alimtoa usiku ule, akamlaza juu ya gunia, jike jekundu, na hata jicho lake moja lilizungukwa na weupe. Britta alilitazama, kisha akalifunika.

"Angekuwa ameshakufa hata mngekuja mapema kidogo," daktari alisema akinawa. "Lakini mama mtu, huyu mngemkosa. Mngechelewa saa moja tu zaidi, basi."

Walilala kwenye viti vya daktari, Britta ameegemea bega la baba. Alfajiri walirudi na Ruby, amesimama kwa shida, lakini amesimama.

Mama alikuwa ametoka kazini, na Bi Verna alikuwa amekuja na sahani ya keki, kwa sababu alikuwa ameona taa nyeupe ng'ambo ya mashamba na hakuhitaji kuambiwa. Walikaa mezani. Kahawa ilimiminwa.

"Upepo ulikuwa mkali jana," alisema Bi Verna, kama ilivyo desturi.

"Mkali," alisema mama.

Baba alizungusha kikombe chake juu ya meza. "Ulikuwa mkali," alisema. "Na Novemba ulikuwa mkali. Lakini Novemba haukuwa upepo peke yake."

Hakuna aliyesogea.

"Zile taa zilikuwa ndani ya boksi. Mzee alizinunua kwa sababu alijua hizi za zamani hazionyeshi kitu. Mimi nilijua. Nililihamisha boksi lile kwa mikono yangu, nikachukua spana, nikaenda kufanya kazi nyingine. Na yeye alisimama pale kwa sababu baba yake alisimama pale, na mimi sikushuka kutazama kwa sababu nilimwonea aibu nani, sijui." Mama aliweka mkono juu ya mkono wake, naye akauacha pale. "Nimeusingizia upepo miezi yote hii, na pikapu haikurudi nyuma hata hatua moja. Jana mtoto amesema, 'Ni mimi.' Tukaingia chini ya gari, tukatengeneza."

Akamgeukia Britta.

"Wewe ulifanya kosa, na ningekuwa mwongo nikisema halikuwa kosa. Palipojificha ndipo pa kufanyia kazi kwa bidii zaidi, kwa sababu hakuna mwingine atakayepatazama. Lakini ulilitaja kabla halijaua. Shika yote mawili, mwanangu. Kazi ya kumlinda mtu haingoji Jumamosi. Na kosa ukilifunika kwa utepe, linabaki pale pale. Ukilitaja, linapata dawa. Ngoja ngoja yetu imetugharimu babu yako. Sitaki ije itugharimu mwingine."

Bi Verna alikohoa, akasogeza sahani. "Keki?" alimuuliza baba.

"Hapana, asante."

"Ipo nyingi."

"Haya, nipe," alisema baba, mara ya pili tu, na hakuna aliyemwona mlafi.

Waliposhiba, baba alichukua funguo. Trela lilikuwa bado nyuma ya pikapu, na ilibidi lirudishwe mahali pake, kando ya ghala. Kulikuwa kumeanza kupambazuka, mawingu mazito, theluji nyepesi ikianguka ndani ya lile duara. Britta alivaa koti, akaenda kusimama kwenye kona, akainua mkono mpaka akayaona macho ya baba kwenye kioo.

Hakupiga mluzi. Trela lilirudi nyuma taratibu, likalikata duara katikati, likakaa mahali pake. Baba alilifungua, akasogeza gari mbele kidogo, kisha akalirudisha nyuma tena peke yake, bila sababu, hatua chache tu, akasimama. Taa ziliendelea kuwaka. Baina ya bampa na trela, mahali aliposimama Babu Osmund maisha yake yote, hapakuwa na mtu. Palikuwa na mwanga tu, na theluji ikipita ndani yake.